Ufunguo wa katalogi ya mashamba: nani anaushika?



Tangu miaka michache, kooperative nyingi za kahawa na za kakao upande wetu wa mashariki zimepitiwa na vijana wenye telefone mkononi, wanaozunguka shamba pembe kwa pembe. Wanapima, wanaandika jina la mwenye shamba, wanashukuru, wanaenda. Nyuma yake, katika mikutano, swali linarudi lile lile: «Zile namba za mashamba yetu zilienda wapi, na nani anaziangalia?»

Mara nyingi ziko ndani ya katalogi, katika serveri, yaani ordinatere ya mbali inayofikiwa kwa intaneti. Ili kuingia, unaombwa jina na neno la siri. Kuna kooperative zilizopewa hilo jina na hilo neno, zikaliandika nyuma ya daftari ya depo, na hazijaingia hata mara moja. Zingine zinajaribu na programu ya ramani, mlango unakataa, basi wanaacha. Makala hii ni juu ya ule mlango. Wenye kushika ordinatere ya biro watapata humu namna ya kuufungua. Wasiokuwa na ordinatere nao wasome, juu kinacholindwa na ule mlango ni shamba lao.

Kwa nini mashamba yanapimwa

Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria namba 2023/1115. Inagusa vitu saba: kahawa, kakao, mawese, mpira, soya, mbao na ng'ombe. Anayetaka kuviuza Ulaya anapashwa kuonyesha kwamba havikutoka mahali ambapo pori lilikatwa nyuma ya tarehe 31 mwezi wa 12 mwaka 2020. Hawezi kuonyesha hivyo bila kutaja kila shamba liko wapi. Kwa shamba la hektari 4 au chini yake, nukta moja inatosha: latitudi moja na longitudi moja, kila moja na tarakimu sita nyuma ya koma. Shamba la kahawa au la kakao lililopita hektari 4 linaombwa mstari mzima unaozunguka mipaka yake. Tarehe ya kuanza kuitumia hiyo sheria imesukumwa mbele zaidi ya mara moja, lakini wanunuzi hawakungoja. Zile nukta wanaziomba tayari.

Tarakimu sita siyo mchezo. Tarakimu ya nne inaonyesha mahali kwa karibu mita 11, ya sita kwa karibu sentimita 11. Kweli, telefone chini ya miti haipimi vizuri namna hiyo, lakini hata kama imekosea mita tano au kumi, mwenye ile orodha anaweza kutembea mpaka kwa shamba lako bila kuuliza mtu njia. Kama jina lako na namba yako ya telefone viko kwa mstari ule ule, anajua pia nani wa kumpigia. Hapa kwetu watu wamehama na kurudi mara nyingi, na mpaka kati ya majirani wawili unaweza kupeleka maneno kwa mwami, kisha tribinali. Orodha kama hiyo siyo karatasi ya kawaida. Ndiyo sababu mlango umefungwa. Kufuli halikuwekwa ili kuwasumbua.

Katalogi ni nini

Fikirieni daftari ya depo. Daftari siyo kahawa. Inasema tu: magunia haya yako kwa safu hii, yaliingia tarehe hii, yalitoka kwa fulani. Katalogi ya ramani inafanya vile vile. Inasema: kuna ramani ya mashamba ya sekta fulani, ilitengenezwa mwaka fulani, na anwani ya kuichukua ndiyo hii. Kuna kanuni ya kimataifa ya namna programu inavyoongea na katalogi, inaitwa CSW. Ramani yenyewe inakuja kwa njia mbili zenye majina yao. WMS inakutumia picha tu, sawa na foto. WFS inakutumia mashamba yenyewe, moja moja, kila moja na namba yake na ukubwa wake, na unaweza kuyahesabu na kuyachambua. Kwa kazi ya kooperative WFS ndiyo ya maana. Kwa kuangalia tu kama pori bado liko, picha inatosha.

Programu tunayofundisha ni QGIS. Ni ya bure, haiombi leseni, na inaongea Kifaransa. Ndani yake, kwa menyu «Internet», kuna kifaa kinachoitwa MetaSearch. Hicho ndicho kinasoma katalogi. Unaweka anwani ya katalogi, jina na neno la siri, unaandika unachotafuta, orodha inatokea. Mpaka hapo wengi wanafika bila shida. Shida inaanza nyuma.

Milango ni miwili

Katalogi iko na mlango wake, na ramani iko na mlango wake. Neno la siri mliloandika kwa MetaSearch linafungua daftari. Mkibonyeza ili kuleta ramani yenyewe, MetaSearch inaandika anwani mpya kwa upande wa WMS au wa WFS, na mara nyingi haibebi ufunguo. Ni kama karani wa depo amekuruhusu kusoma daftari, kiisha ukafika kwenye stoo na mlinzi wa stoo hakujui. Atakuuliza upya. Kwa hiyo mkishaleta ile anwani mpya, mwifungue, mwibadilishe, mwiwekee ufunguo nayo. Ni kazi ya dakika moja. Nimeona watu wakimaliza siku mbili na mega zote za mwezi juu ya hiyo dakika moja.

Kuna jambo lingine, na mimi naliona baya zaidi kwa sababu halipigi kelele. Serveri nyingi za namna hii zinatumia programu inayoitwa GeoServer, nayo ni ya bure. Kama mwenye kuipanga hakubadilisha kitu, GeoServer haimfukuzi mtu asiyejulikana. Inamficha tu vile visivyo vyake. Ukifika bila ufunguo, mlango unafunguka, orodha inatokea, hakuna neno lolote la kosa. Lakini ndani ya orodha mna ramani za watu wote tu: barabara, mito, mipaka ya teritware. Mashamba yenu hayamo.

Sekretere wa kooperative moja alinipigia telefone asubuhi na mapema: «Agronomu, mashamba yetu wameyafuta mu serveri!» Wanachama walikuwa wamekwisha kuambiana kwamba mradi umeuza namba zao na kufunga duka. Mkutano wa dharura uliitwa kwa Alhamisi. Mashamba yote yalikuwepo. Ordinatere ilikuwa imetoka kwa fundi, QGIS imewekwa upya, na funguo za zamani hazikurudi nayo. Ule mkutano ulifanyika hata hivyo, na ulikuwa mzuri, juu kwa mara ya kwanza watu waliuliza kabisa nani anashika nini. Lakini msingoje kuogopa ili kuuliza. Orodha ikitokea fupi kuliko mlivyozoea, mbele ya kulaumu mtu, angalieni kwanza kama programu imeingia kwa jina lenu.

Serveri inapokataa kwa sauti, inatoa namba, na ile namba inasema kitu. Wengi wanafunga dirisha bila kuisoma. 401 maana yake: «Sikujui.» Jina au neno la siri limekosewa, ama halikutumwa. Hapa sababu ya kawaida ni ndogo sana: neno la siri lilikopiwa kutoka WhatsApp na nafasi tupu ikabaki mwishoni, au telefone iligeuza herufi ya kwanza kuwa kubwa. Liandikeni kwa mkono, polepole. 403 ni maneno mengine kabisa: «Nakujua, lakini hapa huruhusiwi.» Ukipata 403, usijaribu neno la siri mara ishirini, halina kosa. Andika kwa mwenye kusimamia serveri, umwambie jina lako na ramani unayotaka, akufungulie. Namba 404 inasema tu kwamba kwa ile anwani hakuna kitu: pengine kumekosewa herufi, pengine serveri imehama.

Liko pia kosa lisilofanana na hayo, ambalo katika biro zetu ni la kila siku. QGIS inaandika kwamba sertifika ya serveri siyo halali, au haijaanza kuwa halali. Watu wanafikiri serveri imeingiliwa na wezi. Angalieni saa ya ordinatere! Masini ya zamani, ambayo betri yake ndogo ya ndani imekufa, kila moto ukikatika inarudi nyuma kwa tarehe ya miaka mingi iliyopita. Serveri inaonyesha sertifika iliyotolewa mwaka huu, na ordinatere inayodhani tuko mwaka 2009 inaikataa. Wekeni tarehe ya leo, mlango utafunguka. Kiisha nunueni ile betri, ni ya mviringo kama sarafu, mara nyingi imeandikwa CR2032. Fundi yeyote wa telefone anaijua.

Kama tarehe iko sawa na onyo linabaki, hapo msibonyeze «endelea» ili tu kumaliza kazi. Ulizeni kwanza. Na anwani ya serveri inapashwa kuanza na https, siyo http. Ile herufi s mwishoni ndiyo inayofunika neno la siri likiwa njiani. Bila hiyo, jina na neno vinapita wazi karibu kama barua isiyo na bahasha, na mwenye ujuzi kidogo aliye kwa wifi ile ile ya sibere anaweza kuvisoma.

Neno la siri linalala wapi

Hakuna mtu anayeandika kode yake ya M-Pesa juu ya kifuniko cha telefone, kiisha anaazima telefone kwa jirani. Lakini kwa ramani tunafanya hivyo bila kujua.

Mkiunganisha QGIS na serveri, kuna dirisha dogo lenye njia mbili. Ya kwanza ni rahisi: unaandika jina, unaandika neno la siri, unaendelea. Programu yenyewe inakuonya kwamba namna hiyo vitabaki katika maandishi wazi, ila onyo liko kwa Kifaransa, liko dogo, na biro iko na haraka. Vinabaki wapi? Ndani ya faili la mradi wa QGIS. Lile faili likiishia na .qgs, ni maandishi tu, unaweza kulifungua na programu yoyote ya kuandika. Likiishia na .qgz, ni kifurushi kilichokunjwa, na ukikikunjua ndani unakuta maandishi yale yale. Mkimtumia mnunuzi hilo faili ili aone ramani nzuri mliyotengeneza, mmemtumia na ufunguo wa nyumba. Siku hizi faili moja linapita kwa watu watano kabla jua halijazama.

Njia ya pili ni sanduku la chuma lililomo ndani ya QGIS yenyewe. Unalikuta kwa «Préférences», halafu «Options», halafu «Authentification». Mara ya kwanza linakuomba uchague neno la siri kubwa. Hilo siyo la serveri, ni la sanduku. Kiisha unaingiza ndani funguo zako: huu ni wa katalogi ya mradi, huu ni wa serveri ya mnunuzi. Sanduku linaziandika kwa namna iliyofichwa, na kila ufunguo linaupa kitambulisho cha herufi na tarakimu saba. Tangu pale, unapounganisha na serveri, huandiki tena neno la siri. Unachagua tu ufunguo kutoka kwa orodha. Faili la mradi linabeba kile kitambulisho cha saba peke yake. Mtu akilipata, ameona namba ya kufuli, hajapata ufunguo.

Neno kubwa la sanduku likisahauliwa, hakuna wa kulirudisha, hata wenye kutengeneza QGIS. Hilo linawaogopesha watu, lakini hasara ni ndogo kuliko wanavyodhani. Mashamba hayako ndani ya sanduku, yako kwa serveri. Kinachopotea ni funguo tu. Unafuta sanduku, unaanza lingine, unaandika tena majina na maneno ya siri. Ila kwa hiyo yanapashwa kuwa yameandikwa pahali. Kwa biro isiyo na fundi wa kudumu, mimi napendelea karatasi ndani ya bahasha iliyofungwa, ikae pamoja na mihuri na daftari ya benki. Wengine watasema karatasi ni ya zamani. Karatasi haikauki betri.

QGIS inaweza pia kupendekeza kulihifadhi lile neno kubwa ndani ya ordinatere ili isiulize tena. Kwa ordinatere ya mtu mmoja, sawa. Kwa ile ya biro inayotumiwa na karani, mhasibu na mtoto wa mlinzi jioni, mseme hapana. Na kumbukeni kwamba sanduku likishafunguliwa linabaki wazi mpaka QGIS ifungwe. Ukienda kula, funga programu.

Sasa swali ambalo maagronomu wenzangu wananiuliza: kama kila mtu ana sanduku lake, tutafanya namna gani kwa kutumia mradi mmoja wa ramani, watu watatu, kwa ordinatere tatu? Ile namba ya saba unaweza kuichagua mwenyewe. Kwa dirisha la ufunguo, pembeni ya kitambulisho, kuna alama ya kufuli. Ukiibonyeza inakuruhusu kuandika. Patanisheni kitambulisho kimoja, kwa mfano koop001. Kila mtu, ndani ya sanduku lake, anatengeneza ufunguo wenye kitambulisho hicho, lakini na jina lake na neno lake la siri. Faili la mradi linapita kati yenu, linaomba koop001, na kwa kila ordinatere linakuta ufunguo wa mwenye hiyo ordinatere. Hakuna aliyemwambia mwenzake siri yake. Na serveri inaweza kuandika kwa jina nani aliingia na siku gani. Mkitumia wote jina moja, hiyo alama inapotea, na siku kitu kimebadilishwa kwa shamba la mtu hamtajua ni mkono wa nani.

Kopi haina kufuli

Intaneti yetu ni ya mega, na mega ni pesa. Kwa hiyo hakuna sababu ya kuongea na serveri siku nzima. Kwa muunganisho wa WFS kuna kisanduku cha kuchagua kuomba tu mashamba yaliyomo ndani ya dirisha unaloangalia. Kiwekeni alama, kisha karibieni kijiji mnachotaka mbele ya kuleta ramani. Mkishaleta, hifadhini kopi kwa ordinatere kama faili la GeoPackage, mfanye kazi bila koneksio mpaka mwisho wa juma.

Lakini ile kopi haiombi neno la siri. Yote niliyoandika hapo juu, sanduku, https, kitambulisho, yanaishia pale kopi inapoanza. Anayeibeba kwa fulashi amebeba mashamba yote, na fulashi zinasahauliwa kwa mashine za sibere kila siku. Njia nzuri ninayoijua ni kuhifadhi kopi mbili. Ya kwanza iko kamili, inabaki biro. Ya pili ni ya kazi ya shambani: QGIS, wakati wa kuhifadhi, inakuuliza safu gani unataka kubeba, ondoeni jina, telefone na namba ya karte ya uchaguzi, mwache namba ya uanachama tu. Mwenye daftari ya wanachama atajua 0147 ni nani. Aliyeokota fulashi njiani hatajua.

Tena, mkifungua kopi, angalieni kama mashamba yameangukia mahali pake. Ikweta inapita kati ya Butembo na Lubero, na huko Lubero latitudi inaanza na alama ya kutoa. Mtu akiisahau wakati wa kuandika, shamba la Lubero linaruka kaskazini karibu kilomita 35, na mnunuzi wa Ulaya anakuta kahawa yenu inaota pahali ambapo hamna mwanachama hata mmoja.

Jina la msimamizi

Kwa serveri ya namna hii kuna watu wa ngazi mbili. Mtumiaji anaona na pengine anabadilisha. Msimamizi anaamua nani anaona. Wengi wenu mmepewa jina la mtumiaji. Msimamizi ni mradi, au mnunuzi, au kampuni ya kiufundi iliyolipwa na mnunuzi. Hilo siyo baya lenyewe, juu serveri inaomba pesa na mtu wa kuiangalia. Lakini lina matokeo ambayo komite inapashwa kuyajua mbele ya kutia sahihi. Siku mnataka kuuzia mnunuzi mwingine aliyetoa bei nzuri, je, mtaweza kutoa mashamba yenu yote kutoka serveri ya yule wa kwanza, na mipaka yake, kwa faili linalosomeka na QGIS? Au mtaonyeshwa picha tu, ile WMS, ambayo huwezi kumpa mtu mwingine aifanyie kazi? Kazi ya kuzunguka mashamba ilifanywa kwa miguu yenu na kwa muda wenu. Kooperative inayoweza kuona mashamba yake bila kuyachukua iko mkononi mwa mnunuzi mmoja, hata kama mkataba unasema kila mtu yuko huru.

Kwa hiyo ombeni iandikwe ndani ya mkataba: kooperative iko na haki ya kupakua habari zote za wanachama wake wakati wowote, kwa njia ya WFS au kwa faili; mtu mmoja wa komite anapewa uwezo wa kuona orodha ya wote wenye ufunguo; hakuna mtu wa tatu anayefunguliwa bila komite kujulishwa. Mnunuzi wa haki hatakataa hayo. Akikataa, mmejua kitu.

Nchi yetu nayo iko na sheria. Kode ya numerike, Ordonansi-lwa namba 23/010 ya tarehe 13 mwezi wa 3 mwaka 2023, iko na sehemu juu ya kulinda habari za mtu binafsi. Jina lako likiunganishwa na mahali pa shamba lako ni habari ya namna hiyo. Kijana mwenye telefone anapofika shambani, muulizeni habari zinaenda kwa nani, za kazi gani, na nani mtamwona mkitaka kusahihisha. Akijibu «mimi natumwa tu», mwite aliyemtuma.

Linabaki jambo la wafanyakazi wanaoondoka. Kooperative inafanya makabidhiano ya sanduku la pesa, ya mizani, ya pikipiki. Funguo za katalogi hazimo ndani ya karatasi ya makabidhiano, basi karani wa zamani anaendelea kuona mashamba yenu kutoka nyumbani kwake, hata kama hana nia mbaya, na karani mpya haoni kitu. Siku ile ile ya makabidhiano, andikeni kwa msimamizi wa serveri: jina hili lifungwe, jina hili lifunguliwe. Msimpe mpya neno la siri la zamani. Kiisha, mbele ya watu wawili wa komite, karani mpya afungue QGIS, atengeneze sanduku lake, aingize ufunguo wake, alete orodha, na ahesabu mashamba. Kama daftari ya wanachama inasema 412 na ramani inaonyesha 412, wote watie sahihi. Kama inaonyesha 398, yale 14 yatafutwe kabla yule wa kwanza hajapanda gari.